Jina la Aliyebuni Liandikwe

(Hotuba kwa vikundi vya kinamama wabanguaji, mafundi vyuma na wanafunzi wa ufundi, Mtwara mjini)

Mgeni rasmi, viongozi wa vikundi, mama zangu mliotoka Newala, Tandahimba na Masasi, nanyi wa Lindi mliopita Mingoyo alfajiri ili mfike kwa wakati. Mafundi, walimu, wanafunzi. Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie hataza, yaani ile hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala kuuza alichokibuni bila ruhusa yake, kwa muda uliowekwa na sheria. Mimi ni wakili, na vifungu vya sheria vitakuja. Lakini naomba tuanzie kwenye mikono yenu.

Mama aliyebangua korosho kwa miaka huna haja ya kumuuliza kazi yake, vidole vinaeleza. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi na kuacha weusi usiotoka kwa sabuni. Kuna wanaojipaka majivu, kuna wanaojipaka mafuta ya nyonyo, kuna wanaovaa glavu pale zinapopatikana, na miongoni mwao wapo wanaozivua baada ya muda kwa sababu glavu inapunguza kasi na malipo ni kwa kilo. Hakuna mhandisi anayeijua kazi hii kama anavyoijua mama aliyeikalia tangu asubuhi. Anajua korosho ndogo inavunjikia wapi. Anajua kisu cha mashine ya mguu kikikaa namna hii kitakata kiini, kikikaa namna ile kitaacha ganda halijafunguka. Anajua mafuta yanarukia upande gani.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme yuko mama mmoja Kitangari, amechoka kuungua. Anachukua kipande cha bati, anakikunja kiwe kinga, anakifunga kwa waya kwenye mashine. Kinazuia mafuta, lakini kinamziba macho. Anakikata upya. Baadaye anagundua kwamba akibadilisha na mlalo wa kisu, mafuta yanateremka chini badala ya kuruka, na viini vinatoka vizima zaidi. Anakwenda kwa fundi wa kuchomelea, anamwonyesha, anamwambia: nitengenezee hivi hivi, kwa chuma. Fundi anapima, anakata, anachomelea. Kazi nzuri. Jirani anaiona, naye anaitaka. Fundi anatengeneza ya pili, ya tatu, ya kumi. Mwezi wa nane unafika, fundi anaipakia mashine kwenye gari, anakwenda nayo kwenye maonyesho ya Nanenane, viwanja vya Ngongo, anaisimamisha bandani. Ofisa anapita na daftari lake. Anauliza, “Hii nani katengeneza?” Fundi anajibu, “Mimi.”

Hajasema uongo, kaka yetu. Ameitengeneza kweli. Kilichokosewa ni swali. Sheria ya hataza inamtafuta aliyewaza, aliyepata jawabu la tatizo ambalo wengine hawakuwa nalo. Mtu aliyetekeleza maelekezo ya mwenzake, hata awe hodari namna gani, hawi mvumbuzi kwa kazi hiyo peke yake. Na kama fundi naye aliongeza wazo lake, labda alibuni namna ya kukifanya kisu kirudi chenyewe, basi wavumbuzi ni wawili na majina yawe mawili. Ila katika daftari la ofisa limeingia jina moja, na si la mama. Haki yake imepotea palepale bandani, kwa swali moja na jibu moja, kabla mtu yeyote hajaitaja BRELA, ofisi ya serikali inayosajili hataza.

Njia ya pili ya kupotea ni ya nyumbani, na inauma zaidi kwa kuwa inapita kwenye mapenzi. Fomu inataka jina, namba ya kitambulisho, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki. Baba anazo zote. Mama ana baadhi. Anaambiwa, “Weka la baba, si ni kitu kimoja?” Na yeye anakubali, kwa moyo mweupe.

Ninyi watu wa korosho mnalielewa hili kuliko wengi, kwa sababu mmeishi na stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007. Mzigo ukiingia kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika wa mazao, kwa jina la shemeji yako, hata kama mikorosho uliipalilia wewe, ukaipulizia salfa wewe, ukaokota wewe, fedha itaingia kwenye akaunti ya shemeji. Benki haiulizi nani aliinama shambani. Hataza inakwenda vivyo hivyo: anayelipwa, anayeweza kushitaki, anayeweza kuuza au kukodisha haki ile, ni yule ambaye karatasi inamtaja kuwa mmiliki.

Sheria zetu zenyewe zinayapa uzito maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 56, inampa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Kwa hiyo hakuna wa kukuzuia kuandikwa. Kisha kifungu cha 60 kinaeleza kwamba mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja, itachukuliwa kuwa ni yake huyo aliyeandikwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maana yake, ukishakubali liandikwe jina la mwenzako, kazi ya kuthibitisha inahamia kwako. Wengi mmesikia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Uamuzi ule umewafaa wanawake wengi, nami nauheshimu sana. Lakini unakuja kukusaidia ndoa ikishavunjika na mahakama ikawa inagawa. Mvumbuzi hapaswi kungoja talaka ili ajulikane.

Na huku kwetu kuna jambo la ziada. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, wazee wetu walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ndiye aliyesimama kwenye mambo mazito, na mtoto alijulikana kwa ukoo wa mama yake. Yamebadilika mengi tangu hapo, kwa dini, kwa shule, kwa sheria, kwa kuhama. Lakini jamii iliyoona ni sawa mtoto abebe ukoo wa mama yake ina sababu gani ya kuona vigumu mashine ibebe jina la mama aliyeibuni? Nawauliza wazee wanaume mliomo humu. Kwa mila zenu wenyewe, mna sababu gani?

Msidhani ni tatizo la kusini pekee. Mwaka 1715 Mfalme wa Uingereza alitoa hataza ya njia mpya ya kusafisha na kukausha mahindi. Mvumbuzi alikuwa mwanamke wa koloni la Pennsylvania, Sybilla Masters, aliyevuka bahari mpaka London kuitafuta hati hiyo. Mashine yake ilitwanga mahindi kwa nyundo badala ya kuyasaga kwa mawe, yaani kazi ya kinu na mchi iliyofanywa na mtambo. Hati ikatoka kwa jina la Thomas Masters, mume wake. Maandishi yenyewe yalikiri kwamba uvumbuzi ule uligunduliwa na Sybilla, mke wake. Walijua, wakaliandika, na bado haki wakampa mume, kwa kuwa sheria ya wakati ule haikumtambua mke kuwa mwenye mali.

Mwingine ni Margaret Knight wa Marekani, na huyu nataka mafundi wamsikilize kwa makini. Alibuni mashine ya kutengeneza mifuko ya karatasi yenye kitako bapa, ile inayosimama wima ukiijaza. Alikuwa na kielelezo cha mbao, akakipeleka kwa mafundi huko Boston wamtengenezee cha chuma. Humo karakana mwanamume mmoja, Charles Annan, akaiona mashine, akaichunguza, akawahi kuomba hataza kwa jina lake. Knight alipoleta maombi yake akakuta mtu katangulia. Akashitaki. Inasimuliwa kwamba Annan alijitetea kwa kusema mwanamke hawezi kuelewa mtambo tata kama ule. Knight akaleta michoro yake, kumbukumbu alizoandika, na mashahidi waliomwona akifanya kazi. Akashinda, na hataza yake ikatolewa 1871.

Kilichomwokoa ni daftari. Uhodari wake ulikuwa mkubwa, na ukweli ulikuwa upande wake, lakini mbele ya waamuzi vyote viwili vingekuwa maneno matupu kama asingekuwa na karatasi zenye tarehe.

Ellen Eglin hakupata hata nafasi ya kushitaki. Alikuwa mwanamke mweusi wa jijini Washington, mtumishi wa nyumbani, aliyebuni mashine ya kukamua nguo zilizofuliwa. Mwaka 1888 aliiuza haki yake kwa dola 18. Alipoulizwa kwa nini aliiuza kwa bei ile, alieleza kwamba wanawake weupe wasingeinunua kama wangejua imebuniwa na mwanamke mweusi. Aliyeinunua haki hiyo ndiye aliyefaidi. Nalitaja jina lake hapa Mtwara kwa sababu najua katika ukumbi huu wapo waliouza wazo lao kwa bei ya kilo mbili za sukari, kwa hofu ileile kwamba likijulikana ni la kwao halitathaminiwa.

Tuje kwenye miaka yetu. Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, lenye makao Geneva, huhesabu wavumbuzi wanaotajwa katika maombi ya kimataifa ya hataza. Katika miaka ya karibuni wanawake wamekuwa kama asilimia 17. Marekani mwaka 2019 walikuwa chini ya asilimia 13 ya wavumbuzi wenye hataza, na Ulaya hesabu inakaribiana na hiyo. Hizi ni nchi zenye vyuo, maabara na mawakili kila mtaa.

Mtu atasema: labda wanawake hawaombi. Ni kweli kwamba wanaomba wachache, na sababu ziko nyingi. Wasichana wachache wanasoma uhandisi, na walio kwenye utafiti hawana mtandao wa watu wa viwanda wa kuwashika mkono. Lakini sikilizeni jambo hili. Mwaka 2018 watafiti watatu, Kyle Jensen, Balázs Kovács na Olav Sorenson, walichapisha uchunguzi wa maombi yapatayo milioni 2.7 yaliyopelekwa ofisi ya hataza ya Marekani. Wakakuta maombi ya wanawake yanakataliwa zaidi kuliko ya wanaume. Kisha wakatazama majina. Mwanamke mwenye jina ambalo kila mtu anajua ni la kike, nafasi yake ya kukubaliwa ilikuwa chini kwa asilimia 8.2 ikilinganishwa na mwanamume. Mwenye jina adimu, ambalo mkaguzi hawezi kujua kwa haraka kama ni la mke au la mume, pengo lake lilikuwa asilimia 2.8 tu.

Hebu tulitafakari hilo. Sehemu kubwa ya pengo ilipungua pale msomaji aliposhindwa kutambua kwamba mwombaji ni mwanamke. Na hata waliopata hati, madai yao, yaani zile sentensi zinazoeleza mipaka ya haki, yalikuwa yamebanwa zaidi wakati wa ukaguzi. Wamepewa hataza, lakini shamba lenyewe limepunguzwa.

Mnaweza kuuliza, sasa hili lina uhusiano gani na mama wa Tandahimba ambaye hatafika Washington? Uhusiano upo, na ndio uliofanya nikubali kuja kuzungumza. Mwaka 2021 watafiti wengine, Rembrand Koning na wenzake, walitazama hataza za tiba za Marekani kwa zaidi ya miaka 30. Timu za wavumbuzi wanawake watupu zilikuwa na uwezekano wa asilimia 35 zaidi, kuliko timu za wanaume watupu, kubuni vitu vinavyohusu afya ya wanawake. Anayebuni huanza na tatizo lililomgusa. Basi mkiwaondoa wanawake kwenye uvumbuzi, yapo matatizo ambayo hayatashughulikiwa na mtu, kwa sababu waliokaa mezani hayajawahi kuwachoma. Mikono ya wabanguaji imekuwa ikiungua kwa vizazi. Ni suala la nani anasikilizwa anaposema, “Nimepata namna.”

Na si kubangua tu. Tazameni mabibo. Kila msimu yanadondoka, korosho inakwenda ghalani, na mabibo mengi yanaoza chini ya mikorosho ingawa yana uzito mara kadhaa kuliko korosho yenyewe. Wanaohangaika nayo ni wanawake: kukamua, kupunguza ukakasi, kukausha, kutengeneza juisi na jemu, kupika uraka, ile pombe ya mabibo. Pale Naliendele watafiti wetu wamefanya kazi kubwa juu ya korosho na mazao yake, na nawashukuru. Lakini kila kikundi ninachokifahamu kina namna yake kwenye hatua fulani, kitu ambacho wenzao hawana. Tazameni wakulima wa mwani wa pwani yetu, ambao wengi wao ni wanawake. Maji yamekuwa ya joto, mwani unakufa, inabidi waende kwenye kina kirefu ambako kamba na vigingi vya zamani havifai. Zanzibar mwanasayansi wetu Dk. Flower Msuya alifanya kazi na wakulima kuhusu nyavu za mirija zinazofaa kwenye kina hicho, na kuhusu kuutumia mwani kutengenezea sabuni na bidhaa nyingine badala ya kuuza mkavu tu. Mwanamke msomi na wanawake wakulima, pamoja. Ndivyo inavyowezekana.

Nakuja kwenye sheria, na hapa nitakwenda haraka kwa sababu karatasi mtapewa.

Tanzania Bara tuna Sheria ya Hataza ya 1987, na msimamizi ni BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Sheria hiyo haimbagui mwanamke. Zaidi ya hayo, nchi yetu iko kwenye Mkataba wa Paris tangu 1963, na mkataba huo unasema mvumbuzi ana haki ya kutajwa kwenye hataza kuwa ndiye mvumbuzi. Hata kama mmiliki ni kampuni, hata kama mmiliki ni kikundi, hata kama umeuza, jina lako la uvumbuzi lina mahali pake. Vikundi, shikeni hilo: mmiliki anaweza kuwa kikundi chenu kilichosajiliwa, lakini mvumbuzi ni mtu. Msiandike “kikundi” mahali pa mvumbuzi. Aandikwe Mwanahawa au Somoe, jina lake kamili.

Kitu kinachoombewa hataza lazima kiwe kipya, kiwe na hatua ya kibunifu ambayo fundi wa kawaida asingeifikia kirahisi, na kiwe na matumizi katika uzalishaji. Wengi mnadhani ni lazima iwe mashine. Hapana. Njia ya kutengeneza nayo inaweza kupewa hataza. Ile namna yako ya kuondoa ukakasi kwenye juisi, kama kweli ni mpya, ni uvumbuzi sawa na mtambo wa chuma. Nasisitiza kwa sababu ubunifu mwingi wa wanawake uko kwenye njia, na njia haionekani bandani, kwa hiyo hakuna anayeiulizia.

Hataza ya Bara hudumu miaka 10 tangu siku ya maombi, na inaweza kuongezwa mara mbili, miaka 5 kila mara. Ina ada za kuitunza. Ipo pia hati nyingine, ndogo kuliko hataza, inayofaa maboresho ya vifaa. Muda wake ni mfupi zaidi, lakini haidai ile hatua kubwa ya kibunifu. Kinga yetu ya bati pale Kitangari pengine ingefaa huko. Na ukitaka kulindwa nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja, ipo ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu la Afrika, lenye makao Harare. Kwa maombi ya kimataifa kupitia WIPO, mtu binafsi kutoka nchi kama yetu anapunguziwa asilimia 90 ya ada za shirika hilo. Wengi hawalijui hilo na wanakata tamaa mapema.

Sasa, onyo. Kitu kikishajulikana hadharani kabla ya maombi, ni rahisi sana kukosa sifa ya upya. Hapa ndipo wanawake wanapoumia bila kujua, kwa sababu desturi yetu ya kike ni kufundishana. Umepata namna, unamwita mwenzako, kesho mko kumi, keshokutwa iko kwenye video ya simu. Siwaambii muache kufundishana. Jamii hii imesimama kwa hilo. Nasema: andika kwanza, omba kwanza, kisha fundisha. Na ukialikwa kwenye maonyesho, uliza kabla ya kwenda, si baada ya kurudi. Hataza mbili za kitu kilekile zikiombwa na watu wawili waliobuni kila mmoja kivyake, anayetangulia kuomba ndiye anayetangulia kwenye haki.

Pia nitakuwa mkweli kama wakili. Si kila wazo linastahili gharama ya hataza. Kuna kikundi ambacho kingefaidi zaidi kwa kusajili alama ya biashara ya juisi yake, au kwa kuitunza njia yake kuwa siri ya watu wanne. Kumshauri kila mama akimbilie hataza ni kumchotea fedha zake. Ninachodai ni kwamba uamuzi uwe wake, akiwa anajua thamani ya alichokishika.

Nina maombi kwa watu mbalimbali, na nitayasema wazi.

Kaka zangu mafundi, ninyi ni mlango wa kwanza. Mama akija na wazo, fungueni ukurasa kwenye daftari la karakana: tarehe, jina lake, mchoro alioleta, saini yake na yako. Kama hajui kuandika, dole gumba. Judy Reed, mwanamke mweusi wa Marekani aliyepata hataza ya mashine ya kukanda unga mwaka 1884, alitia saini kwa alama ya msalaba, na hataza ikawa yake. Andikeni pia mmekubaliana nini: je, unaruhusiwa kutengeneza nyingine na kuuza? Kwa malipo gani kwake? Mtapata wateja zaidi, kwa sababu mama atarudi na wazo la pili. Fundi anayejulikana kuwa mwaminifu kwa mawazo ya watu atapata kazi mpaka Ruangwa.

Akina baba, kila mmoja amsaidie mke wake apate namba ya mlipakodi na akaunti kabla fomu haijafika. Ndilo ombi langu lote kwenu. Msikimbilie kumwazima jina.

Ndugu zetu wa SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wa halmashauri, wa vyuo vya ufundi, na waandaaji wa maonyesho, badilisheni swali kwenye fomu zenu. Wekeni nafasi mbili: aliyebuni na aliyetengeneza. Ni mstari mmoja tu wa wino. Na mnapotoa ile mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, ruhusuni kwenye mchanganuo wa matumizi kuwepo gharama za kulinda ubunifu, sawa na mnavyokubali gharama za cherehani na friji.

Kwa BRELA nina maombi mawili. La kwanza, itoke kila mwaka hesabu ya maombi ya hataza kwa jinsia na kwa mkoa, tuione Mtwara na Lindi ziko wapi. La pili ni mtu wa kutusaidia kuandika. Kusajili jina la biashara mtu anaweza kwa simu yake, lakini kuandika madai ya hataza ni utaalamu, na kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na wa kumtafuta huko humjui. Ofisi ya hataza ya Marekani ilifanya jaribio: waombaji wasio na wakili walipewa msaada wa ziada wakati wa ukaguzi, kwa kuchaguliwa kwa bahati nasibu, wengine wakaenda kwa utaratibu wa kawaida. Waliopewa msaada walifanikiwa zaidi, na wanawake walinufaika zaidi kuliko wanaume. Kwa hiyo tunajua dawa mojawapo inayofanya kazi: mtu mwenye ujuzi, mezani, mwenye subira ya kueleza. Tunaomba meza hiyo iwe hapa, hata kama ni kwa siku chache kila msimu, na hasa kabla ya Nanenane.

Walimu wa ufundi, msichana akileta kazi ya mradi, msimweke kuwa mwandishi wa kikundi. Nimeona mara nyingi mno wavulana wanashika bisibisi na msichana anashika kalamu kwa sababu “ana mwandiko mzuri”. Mwishoni anayejua mashine ni mwingine. Zungusheni majukumu, na kwenye ripoti aandikwe kila mmoja alibuni sehemu gani.

Nanyi wasichana mnaosoma umeme na ufundi mitambo hapa Mtwara, mtasikia kwamba hesabu za dunia ni mbaya, asilimia 17, asilimia 13. Zisiwavunje. Nimezitaja ili mkikataliwa siku moja msidhani moja kwa moja kwamba wazo lenu ni bovu. Ombeni sababu za kukataliwa kwa maandishi, zijibuni hoja kwa hoja, rekebisheni madai, rudisheni. Utaratibu unaruhusu kujibu. Wanaume wengi wenye hataza walikataliwa kwanza.

Mama zangu, pale mlangoni kuna madaftari yenye kurasa zilizoshonwa, yale ambayo ukichana ukurasa inaonekana. Kila kikundi kichukue moja. Ukurasa wa kwanza aandike mmoja wenu alichokibuni yeye, na wawili washuhudie kwa saini na tarehe ya leo. Daftari halikupi hataza, lakini ndilo ushahidi wako siku mtu atakapokuuliza ulianza lini. Walio na jambo ambalo hawajamwonyesha mtu, wasilieleze hapa ukumbini. Waje kwangu mmoja mmoja, nitakuwa chumba cha pembeni mpaka saa kumi, na sitatoza kitu.

Sasa nipokee maswali. Naomba waanze mafundi, kwa sababu nimewabebesha kazi mpya na nataka kujua mnaiona ina ugumu wapi.